Stempu Iliyopungua Upande Mmoja

Dawa ya malaria ilikuwa bado inamwimbia Lisette masikioni alipoingia nyumbani kwa Yaseen, kule Quartier Asiatique, mtaa wa Waarabu na Wahindi. Haukuwa wimbo mbaya. Ulikuwa kama nyuki walio chumba cha pili, na kila alichokitazama kilichelewa kidogo kutulia mahali pake: pazia, kiti, uso wa mtu. Moshi wa udi ulikuwa umening'inia katika mwanga wa dirishani kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye kamba.

Lisette alikuwa O.P.J., mpelelezi wa polisi mwenye haki ya kuandika mashitaka na haki ya kuyaacha yasiandikwe. Hiyo ya pili ndiyo aliyoipenda zaidi.

Yaseen, mwenye nyumba, mfanyabiashara wa vitambaa kama baba yake na babu yake, alikuwa ameketi kwenye kochi, mguu mmoja hautulii. Mbele yake, juu ya meza fupi, laptop ilikuwa wazi. Ukutani, kwenye kiti cha plastiki kilicholetwa kutoka jikoni ili asije akakalia kochi, alikuwepo mwanamke aliyefumbata mikono kama mtu aliye kanisani. Huyo ndiye Mathilde, mkimbizi wa Uvira. Simu yake ilikuwa mfukoni mwa Yaseen.

"Tazama mwenyewe, afande," Yaseen alisema. "Hii ya kushoto ni stempu ya marehemu baba. Hii ya kulia ndiyo huyu dada alituachia."

Lisette aliinama. Picha mbili za stempu moja, au za stempu mbili, kubwa kama milango. Mbega amekaa juu ya tawi. Ilikuwa ya mwaka wa uhuru: jina la nchi ya zamani limefutwa kwa mstari, na jina jipya la ufalme limepigwa juu yake. Ila kwenye hii jina hilo lilikuwa limepigwa kichwa chini, kwa kuwa fundi wa siku ile aligeuza karatasi bila kujua. Mzee Jaffar, baba yake Yaseen, alikuwa ameishi na kosa hilo la fundi maisha yake yote, akilipenda kama mtu apendavyo kipaji cha mwanawe.

"Nani amesema ni mbili?"

"Mashine."

Mnunuzi wa Antwerp ndiye aliyeituma programu hiyo. Unaipa picha ya stempu iliyolazwa kando ya rula. Inatafuta ukingo wa karatasi, inahesabu meno pembeni, inapima kama mchoro umekaa katikati au umeegemea upande, inasoma rangi ya karatasi, kisha inatoa alama kama mwalimu. Picha ya kwanza ilikuwa imepata tisini na moja. Ya pili, iliyopigwa baadaye mnunuzi alipotaka kuhakikisha kabla ya kulipa, ilipata sitini na nane, na karatasi yake ilisomeka ya njano zaidi. Chini yake kulikuwa na maneno mekundu ya Kifaransa: vipimo havilingani, huenda si stempu ileile.

"Huenda," Lisette alisema. "Imesema huenda."

"Mashine ina adabu, afande. Mimi sina. Nimemwita mwizi jana pale barazani, watu wakitoka msikitini, na sirudi nyuma. Leo nikishaswali Alasiri nakuja kutia saini mashitaka."

Mathilde hakuinua kichwa. Wote watatu walijua saini hiyo ina maana gani. Angelala mahabusi, na karatasi yake ya ukimbizi ilikuwa inangoja kupigwa muhuri upya. Mkimbizi aliyeshitakiwa wizi huenda asiipate tena. Hapo barabara yake ingekuwa moja tu, ile ya Gatumba kuelekea mpakani, hadi ng'ambo, kule alikokimbia.

"Sasa nieleze, dada," Lisette alimwambia. "Ulifanyaje?"

"Nilishika na kibanio, afande. Kidole yangu haijagusa hata mara moja." Sauti ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. Uvira alikuwa na studio ya picha, ndiyo maana Yaseen alimpa kazi ya kuipiga picha stempu. "Natoa mu plastiki, naweka juu ya kioo ya skana, pembeni rula, nafunika na karatasi nyeusi. Mara ya kwanza vile. Mara ya pili vile."

"Skana ileile?"

"Ileile. Iko pale."

"Na katikati ya hizo mara mbili, stempu ilikaa wapi?"

"Kwao. Mu kabati ya chumba ya ndani. Mi sijaingia mule. Bibi alikuwa mule."

"Bibi gani?"

"Mama yake na patron. Ile mara ya kwanza alikuwa hatoki. Amenyamaza mule ndani na nguo yake nyeupe. Na nyumba haikuwa na harufu hata kidogo! Nilijiuliza, hawa ni Waarabu gani, nyumba inanukia kama dispensaire?"

"Chunga mdomo wako," Yaseen alisema.

Lisette alicheka, kisha akajishika kichwa maana kicheko kiliwaamsha wale nyuki. Mlangoni mwa chumba cha ndani pazia lilitikisika, likatulia.

"Naomba niione stempu yenyewe."

"Ndiyo hiyo, unaiona."

"Naona picha."

"Stempu iko kwenye sefu. Niliitia plastiki siku ileile ilipopigwa picha ya pili, nikaifunga kwa gundi, haifunguliwi mpaka wakili aje. Sitaki kesho niambiwe nimeibadili mimi." Yaseen alijifuta jasho. "Mkitaka mtu wa kumuuliza, kamuulize Gaël wa Cibitoke. Ndiye aliyemfundisha huyu programu. Na ana mashine ya kutoboa meno, nimeiona kwa macho yangu. Meno, afande! Stempu ni nini bila meno?"

Basi Lisette akaenda mtaa wa Cibitoke.

Karakana ya Gaël ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, kimejaa kompyuta zilizopasuliwa matumbo. Yeye mwenyewe alikuwa mwanamume mwembamba mwenye ndevu za mbuzi, anatoa fotokopi huku anaongea, anaongea huku anakula ndizi. Pembeni kulikuwa na cherehani kuukuu isiyo na uzi. Lisette aliizungusha gurudumu kwa kidole. Sindano ilipanda, ikashuka, ikatoboa hewa.

"Hii ndiyo mashine ya meno?"

"Ya tikiti za tombola, afande. Parokia tatu zinanitegemea. Paroko akikosa pesa, analilia hapa."

"Tengeneza moja, tuione."

Gaël hakubisha. Alitoboa ukingo wa karatasi, akaikata, akailaza kwenye skana pamoja na rula, akaifungulia ile programu. Mashine iliwaza. Mistari ya kijani ikatambaa pembeni mwa karatasi kama chungu wanaotafuta sukari. Kisha ikatoa jawabu, na Gaël akapiga paja.

"Umeona? Haya ni meno ya mamba. Ya stempu ni meno ya mutoto muchanga. Mi ningeweza kutoboa vile, ningekuwa bado niko hapa na bati inanivujia?"

Ushahidi wa cherehani ulikufa pale pale. Lisette hakuusikitikia. Alivuta kigoda akaketi, kwa sababu sakafu ilikuwa imeanza kuelea kidogo, na akamwomba afungue zile picha mbili za Yaseen, alizokuja nazo kwenye flashi.

"Unaweza kuziweka moja juu ya nyingine? Ya juu iwe kama kioo."

"Naweza."

Mbega wawili walisogeleana wakawa mmoja. Gaël alizisogeza taratibu mpaka kona ya juu kushoto ikalala juu ya kona. Upande wa kushoto, kutoka juu hadi chini, jino liliingia juu ya jino bila kosa, na lile moja la chini lililokatika, fupi kama la mzee, lilikuwepo kwenye picha zote mbili, na mpasuko wake ulikuwa uleule. Lakini ukingo wa juu ulikuwa na tabia nyingine. Meno ya kwanza yalilingana. Yaliyofuata yakaanza kuachana kidogo kidogo, kama watu wawili walioanza safari pamoja, mmoja ana hatua fupi. Hadi kufika kona ya kulia, mmoja alikuwa nyuma kwa robo ya milimita.

"Jino lililokatika," Lisette alisema. "Programu haikuliona?"

"Inaona, lakini haijali. Yenyewe inachukua wastani. Meno mangapi, upana gani, urefu gani. Haitazami sura ya jino moja moja."

"Kwa hiyo mwizi amepata mbega mwingine, aliyepigwa kichwa chini kama huyu, akalikata jino kwa mpasuko uleule, halafu akasahau kwamba karatasi yake ni ya njano zaidi."

"Mwizi huyo ana akili asubuhi, jioni hana," Gaël alisema.

"Na urefu haukubadilika. Ni upana tu."

"Upana tu. Kama skana ingekosea, ingekosea pande zote."

Fotokopi ilikohoa, ikatema karatasi. Lisette aliiokota ili tu mikono ipate kazi. Ilikuwa ya moto, kama mkate. Mkononi mwake ilianza kujikunja, pole pole, yenyewe, kingo mbili zikiinuka na zile mbili nyingine zikibaki zimelala. Aliinyoosha. Ikajikunja tena kwa upande uleule.

"Gaël. Kwa nini haijikunji huku?"

"Karatasi iko na njia yake, afande, sawa na kitambaa. Ukiipa joto inakauka, inanywea. Lakini inanywea sana upande moja, huu mwingine hapana."

Lisette aliitazama kwa muda mrefu kuliko karatasi inavyostahili. Ilikuwa risiti ya mtu ya kununua mabati. Nyuki wa masikioni walikuwa wamenyamaza.

"Na ikinywea, inarudi?"

"Ikipata unyevu, inarudi. Ikifungiwa mu plastiki, itarudi na nini?"

Alisimama. "Funga duka. Chukua kompyuta yako, twende."

Walipofika Quartier Asiatique, milima ya Uvira ng'ambo ya ziwa ilikuwa imeshamezwa na mvua, na upepo wake ulikuwa unakuja juu ya maji ukinuka udongo wa nchi nyingine. Yaseen alikuwa ameshavaa kanzu. Mathilde alikuwa bado kwenye kiti chake cha plastiki. Kikombe cha chai alicholetewa kilikuwa kimepoa bila kuguswa.

"Nataka stempu," Lisette alisema. "Na tuifungulie nje, barazani, penye upepo. Wakili akikasirika, mwambie ni mimi."

"Kwa nini nje?"

"Kwa sababu humu ndani, kwa udi huu, pua yangu haifanyi kazi. Wala yako."

Yaseen alibisha, kisha akaleta. Walisimama barazani, chini ya bati lililoanza kupigwa na matone. Lisette alichana ile plastiki kwa ukucha, akaileta chini ya pua yake kabla upepo haujaiwahi.

Harufu ilitoka kama mtu anayefungua mlango baada ya kulala sana. Si udi ule uliokuwa sebuleni. Huu ulikuwa mzito, wenye asali na ngozi na kitu kama waridi lililokauka. Alimpa Mathilde kwanza. Mathilde alinusa, akafungua macho wazi. Kisha akampa Yaseen, na Yaseen akanusa, na uso wake ukabadilika kabla hajapata muda wa kuuzuia.

"Huu ni wa baba," alisema polepole. "Huu ndio alikuwa anafukizia kanzu za Ijumaa."

"Eda ya mama yako iliisha lini?"

"Eda? Kwa nini—" Alihesabu kichwani. "Jumatano iliyopita. Wanawake wote wa ukoo walikuja hapa."

"Ile siku ya mara ya pili!" Mathilde alisema. "Nilipita katikati ya sahani ya pilau na skana kichwani. Nilikumbuka harufu, nikasema, aa, leo wamekuwa Waarabu."

Hapo hata Yaseen nusura acheke. Lisette aliendelea, bila kuinua sauti.

"Mjane akiwa edani hajifukizi. Picha ya kwanza ilipigwa nyumba haina udi. Ya pili ilipigwa siku udi ulipowashwa upya. Moshi unatia karatasi njano. Joto linaikausha, na karatasi ikikauka inanywea upande mmoja. Halafu ukaifungia kwenye plastiki, ikabaki hivyo hivyo."

"Maneno hayo, afande."

"Ni maneno. Leta stempu nyingine ya baba yako ya mwaka uleule, isiyo na thamani."

Yaseen alikuwa nazo tele; mbega wakamwacha barazani, mbali na matone, wakaingia ndani. Alichagua moja yenye picha ya swala, kona yake imefifia. Lisette akataka Yaseen mwenyewe aishike kwa kibanio, yeye mwenyewe ailaze kwenye skana, ili pasiwe na mkono wa Mathilde. Gaël alisoma vipimo kwa sauti. Kisha wakaagiza chetezo na lile tenga la vijiti ambalo nguo hutandazwa juu yake zifukizwe.

Aliyeleta hakuwa mtumishi. Pazia la chumba cha ndani lilifunguka akatoka Bi Ghada mwenyewe, mama mtu, mdogo, amejitanda kanga ya rangi kwa mara ya kwanza baada ya nyeupe ile. Alikuwa amebeba chetezo kwa mikono miwili. Makaa yalikuwa tayari mekundu, kana kwamba alijua ataitwa. Alitia kipande cha udi, akalifunika tenga, akaipokea stempu kutoka kwa mwanawe na kuilaza juu katikati kabisa, pale moshi unapopanda mnene. Mikono yake haikutafuta mahali. Ilikuwa inapajua.

Lisette aliiona hiyo mikono.

Wakakaa. Moshi ulipanda, ukagusa dari, ukashuka. Mvua iliimba juu ya bati, na kwa kitambo hakuna aliyekuwa mtuhumiwa wala mpelelezi, walikuwa watu watano tu wanaotazama swala akinukia.

Yaseen aliitoa mwenyewe. Akailaza kwenye skana mwenyewe. Mistari ya kijani ikatambaa. Kisha maneno mekundu yakatokea, yaleyale: vipimo havilingani, huenda si stempu ileile.

"Haya," Lisette alisema. "Hii haijatoka mkononi mwako. Nani ameiiba?"

Yaseen aliinama, akayasoma maneno yale tena.

"Mashine haina pua," Gaël alisema.

Lisette alimgeukia Bi Ghada. "Mama, haikuwa moshi uliopita kabatini tu. Uliilaza hapa."

"Niliilaza hapa." Sauti ilikuwa kavu kwa kutotumiwa. "Pamoja na kofia yake. Jaffar alikuwa anaiweka mfukoni mwa kanzu, Ijumaa, akawaonyeshe wenzake. Kila kitu chake kilinuka hivi. Miezi ile yote ya eda nimefungua lile kabati, kila siku harufu inapungua, inapungua. Nilipotoka edani, nilivirudishia harufu yake. Nikamrudishia na mbega wake."

"Mama, ungesema!" Yaseen alisema. "Jana ungesema!"

"Mlitaka kuiuza. Niliposikia yule wa Antwerp ameikataa, nilifurahi, mwanangu. Nikanyamaza na furaha yangu. Nilijua wamemshika huyu, nikasema watamwachia, ni karatasi tu." Alimtazama Mathilde kwa mara ya kwanza. "Furaha yangu nilikuwa nimeitua juu ya kichwa cha mtoto wa mtu. Unisamehe, mwanangu."

Mathilde alikuwa amesimama. Alikwenda kwenye meza, akachukua kibanio, akatoka akamchukua mbega ambaye muda wote huo alikuwa amelala wazi barazani akinywa hewa ya mvua, akarudi akamlaza kwenye kioo kama alivyofanya mara zile mbili, rula pembeni, karatasi nyeusi juu.

"Nataka mara ya tatu," alisema.

Programu iliwaza kwa muda mrefu. Upana ulikuwa umerudi, karibu wote. Karatasi ilikuwa imekunywa mvua ikanyooka. Unjano ulibaki. Alama zilipanda kidogo, hazikufika kule juu, na hazingefika tena. Chini, safari hii kwa kijani: huenda ni stempu ileile.

Yaseen alitoa simu mfukoni akaiweka mezani mbele yake. "Basi, dada. Yamekwisha. Unaona hata mashine imekubali."

Mathilde hakuigusa.

"Mashine imesema huenda, patron. We haukuniita huenda mwizi."

Kutoka upande wa msikitini sauti ya mwadhini ilianza, ikipambana na mvua. Milango ya mtaa ikafunguka, miavuli ikatoka, wanaume wa kanzu wakaanza kupita mbele ya baraza wakiinua pindo zao kukwepa madimbwi. Walikuwa walewale wa jana. Wawili watatu walipunguza mwendo walipomwona O.P.J. kupitia mlango uliokuwa wazi, wakitaka kuona mkimbizi anavyochukuliwa.

Yaseen alimtazama Lisette kama anayeomba msaada. Lisette alikuwa anafunga kalamu yake, polepole sana, kama mtu asiyesikia vizuri kwa sababu ya dawa.

"Mama," Yaseen alisema.

"Nenda," Bi Ghada alisema. "Uchelewe swala, lakini hili usilicheleweshe."

Akatoka hadi ukingo wa baraza, pale pale, matone yakimpiga kichwani. Alisema mara ya kwanza na mvua ikayabeba maneno. Mtu mmoja akasimama na mwavuli wake, akauliza, "Unasemaje, Yaseen?"

Yaseen akavuta pumzi.

"Nasema ni ileile! Haikuibwa. Nilikosea mimi."

"Na jina," Mathilde alisema kutoka nyuma yake.

"Mathilde si mwizi!"

Mwenye mwavuli aliitikia kwa kichwa, akaendelea na safari yake, na habari ikaenda naye kuelekea msikitini. Ndipo Mathilde alipochukua simu yake. Aliifuta kwa kitenge, mbele na nyuma, kisha, kabla ya kuitia kifuani, akaileta puani akainusa, kuona kama nayo imeshika udi.